Choroa Aliyeitwa Ng'ombe Pale Busia

Ninyi mliobaki kazini mmenikaba: Mama Nafula, andika. Haya, naandika, ila kwa sharti langu. Vyeo na mishahara sivigusi. Vyeo vilikuja vikichechemea, na mshahara wa idara ya mifugo mnaujua wenyewe, hauna hadithi. Nitaandika kazi, kwa sababu kazi niliipenda na ninaipenda hata sasa nimestaafu. Juzi nilisikia ng'ombe wa jirani anakohoa, nikaacha ugali mezani nikaenda kumsikiliza kifua. Jirani alidhani nimerukwa na akili. Ng'ombe alikuwa amemeza vumbi tu.

Nilianza Busia, upande wa Uganda, miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja cha mabati, zizi la magogo, na geti la mti mmoja mrefu uliofungiwa jiwe nyuma ili mtu aunyanyue kwa mkono mmoja. Siku zile binadamu alivuka mpaka bila kuulizwa. Sisi Wasamia tuna mashamba huku na wakwe kule. Shangazi zangu karibu wote wameolewa Kenya, na hakuna aliyewahi kuwaomba karatasi. Aliyeombwa karatasi alikuwa ng'ombe.

Mkuu wa kituo alikuwa Bwana Ekirapa, Mteso wa Merikit. Alikuwa askari kabla ya kuingia mifugo, na Kiswahili chake alikitoa kambini, kwa hiyo hata akikusalimia ulijiona umekosea. Siku yangu ya kwanza alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Wameniletea mwanamke," akasema, kama mtu anayesoma ubao.

"Wamekuletea msaidizi wa mifugo, Afande," nikamjibu. "Mwanamke yumo humo ndani, lakini hatakusumbua."

Hakucheka. Alifungua droo akanipa kipimajoto, na mwishoni mwake palikuwa na uzi wenye kibanio cha nguo. Kibanio unakibana kwenye manyoya ya mkia. Ng'ombe akishtuka akakaza, kipimajoto kisichokuwa na uzi huingia ndani chote, na wewe utasimama pale nyuma yake ukisubiri kama unasubiri treni. Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa, na nimewapa ninyi nyote bila kuwaambia limetoka kwa nani. Sasa mnajua.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Bwana Oketcho, Japadhola wa Kisoko, mkaguzi aliyekaa Tororo na kuzunguka vituo vyote kwa pikipiki. Huyo alikuwa mpole, mcheshi, na alipenda kueleza jambo mpaka hata zizi lielewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza mapafu kwa sikio tupu. Unaweka kitambaa ubavuni, nyuma ya bega, unalaza sikio, unafumba macho. Pafu zima husikika kama mtu anayelala vizuri. Pafu lenye homa hukwaruza. Ninyi mna vifaa vya kuning'iniza shingoni na ninafurahi kwa ajili yenu, lakini jaribuni sikio siku moja.

Mnajua homa ya mapafu ya ng'ombe inavyokwenda. Ikiingia kwenye kundi haina haraka, inakohoa taratibu mpaka boma liishe. Mwaka huo ilisemekana iko kaskazini, na amri ikatufikia kupitia Tororo: njia za Karamoja zimefungwa, na ng'ombe pamoja na familia yake yote wasivuke mpaka. Mnyama wa familia hiyo atakayekutwa mpakani, na hawezi kurudi alikotoka, auawe na kuzikwa kwa chokaa. Bwana Ekirapa aliibandika ukutani, akaisoma kwa sauti, akatia mafuta bunduki ya kituo. Sikuipenda ile bunduki, ila amri ilikuwa na maana. Nilishaona boma lililomalizwa na ile homa, watoto wakiangalia zizi tupu.

Ndipo lori likafika, alasiri moja, likitokea Karamoja kupitia Mbale na Tororo. Lilikuwa limeondoka huko kabla ya amri. Amri ililipita njiani. Nyuma yake palikuwa na kasha refu la mbao, na ndani ya kasha mnyama ambaye Busia haijawahi kumwona tangu iumbwe.

Alikuwa choroa dume. Busia ni nchi ya mvua, mihogo na matope. Yule alikuwa kiumbe wa nchi kame, mwili wa rangi ya majivu, uso mweupe wenye mapande meusi kama aliyepakwa kwa brashi, na pembe mbili ndefu zilizonyooka, zenye mapete kuanzia chini. Ncha za pembe zilivishwa vipande vya mpira wa kumwagilia maji, asimtoboe mtu. Watu walijaa. Mmoja akasema ni punda aliyefanyiwa uchawi. Mama mmoja mchuuzi wa mbuzi akasema, "Banange, jamani, huyu akilala pembe anaziweka wapi?"

Aliyekuja naye aliitwa Lokiru, Mkaramojong mrefu, kijana bado, mwenye blanketi begani. Alimlea yule choroa tangu udogo. Alieleza safari yake bila wasiwasi: upande wa Kenya kulikuwa na zizi la kuzalisha wanyama wa nchi kame, wana majike wa choroa lakini dume wao amekufa, na hawakupata dume mwingine isipokuwa huyu. Akatoa karatasi ya safari. Bwana Ekirapa akaisoma akifuata kwa kidole.

"Jina la kisayansi, Oryx beisa," akasoma. "Familia, Bovidae."

Kidole kikasimama. Mimi na yeye tulisoma kozi moja, miaka tofauti, na kwa bahati mbaya yeye aliisoma vizuri.

"Bovidae ni familia ya ng'ombe," akasema. "Hapiti."

Lokiru akatabasamu akidhani ni mzaha. "Afande, hii si ng'ombe. Hii choroa. Mama yake alikufa, mimi nalisha yeye na chupa."

"Sikusema ni ng'ombe. Nimesema ni wa ukoo wa ng'ombe. Ukoo ukifiwa, wote wanakaa matanga. Nyumba ya ng'ombe ina msiba, na huyu ni mtu wa nyumba hiyo."

"Basi narudisha yeye nyumbani."

"Njia imefungwa nyuma yako."

Hapo Lokiru akaelewa. Alitazama ukuta, akatazama bunduki kwenye kona, kisha akapanda kwenye lori akakaa juu ya kasha. Kwao mwanamume huwa na dume lake la ng'ombe ambalo hulitungia nyimbo, hulisifu rangi na pembe. Lokiru hakuwa na dume la ng'ombe. Alikuwa na huyu. Akaanza kuimba, polepole, na choroa akatulia mle ndani, masikio yakimfuata.

"Unaona?" Bwana Ekirapa akaniambia. "Hata mwenyewe anamwimbia kama ng'ombe."

Nilitamani kumtukana, lakini sauti yake ilikuwa imekauka. Akaagiza shimo lichimbwe kesho yake asubuhi, na mchana kazi imalizwe. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake mbaya: angeifanya mwenyewe, hangemtuma mtu.

Nami nikafanya mambo mawili. La kwanza, nilimpa dereva wa lori la pamba ujumbe wa mdomo kwa Bwana Oketcho, Tororo: njoo kesho mapema, kituo kinataka kuua choroa kwa kosa la kuwa na ndugu. La pili, nililala nikipanga hoja, na kulipopambazuka nilikuwa nayo, tamu kabisa. Ilikuwa siku ya soko.

Nilimkuta Bwana Ekirapa getini akihesabu mbuzi wa wachuuzi waliokuwa wakivuka kwenda soko la upande wa pili. Nikasimama kando yake, mikono nyuma.

"Afande, mbuzi ni familia gani?"

Akafikiri. "Bovidae."

"Na kondoo?"

"Bovidae."

"Na unawapitisha."

Nilisema hivyo nikicheka ndani kwa ndani. Nilijua nimemweza. Angekwama, angejikuna kichwa, angempitisha choroa. Enyi vijana, msishindane na mtu mkweli kabla hamjajua ukweli wake unaishia wapi. Bwana Ekirapa aliuangalia ule mti wa geti, akaushusha, akaukalia.

"Asante, Nafula," akasema. "Umenikumbusha kazi yangu. Mbuzi wasipite. Kondoo wasipite."

Yesu Maria! Kelele iliyotokea, sijaisikia tena. Wachuuzi wa Rubongi, wa Merikit, wa Busia yenyewe, wote na kamba za mbuzi mkononi, wakamzunguka. Yule mama wa jana alimsukumia beberu wake mbele.

"Huyu ni ng'ombe? Huyu? Tangu lini? Mfunge jembe basi akulimie shamba!"

"Mama, ni mambo ya sayansi."

"Nani ameleta sayansi sokoni?"

Wote wakanigeukia mimi. Nilitukanwa kwa Kisamia, kwa Kiteso na kwa Kidhopadhola, na ubaya wa mpakani ni kwamba lugha zote tatu nilizielewa. Shangazi yangu mmoja alikuwepo na mbuzi wake wawili, akajifanya hanijui. Nyuma ya kituo majembe yalikuwa yakilia, shimo likichimbwa, na Lokiru ameacha kuimba. Nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa nimekuja kumwokoa mnyama mmoja na sasa nimewashikisha mia.

Pikipiki ya Bwana Oketcho ilitokea kwenye vumbi mchana, shimo likiwa limeshafika kiunoni. Alishuka, akavua kofia, akasalimia mpaka wachuuzi, mmoja mmoja, akiulizia watoto. Mtu angeweza kumchukia kwa utaratibu wake. Kisha akasikiliza: kwanza Bwana Ekirapa, kisha mimi, kisha Lokiru. Nilitegemea amwambie mkuu wangu kwamba amekosea. Hakumwambia.

"Bwana Ekirapa amesoma sawasawa," akasema. "Choroa ni Bovidae. Mbuzi ni Bovidae. Hilo halina ubishi."

Lokiru akainamisha kichwa. Mimi nikataka kulia kwa hasira.

"Ila nina swali la nyumbani," Oketcho akaendelea. "Mzee wako alipofariki, Mungu amrehemu, kule Merikit, nani walinyolewa?"

Bwana Ekirapa alishangaa, lakini suala la matanga mtu wa kwetu halikwepi. "Sisi wa mlango wake. Watoto, wajukuu, ndugu zake wa tumbo."

"Na wale wa ukoo wako walioko Kenya, kule Amukura? Si ni jina moja? Si mwiko mmoja?"

"Ukoo ni mmoja, lakini mlango mwingine. Tuliachana zamani, enzi za mababu. Hao walikuja, wakatoa pole, wakala, wakaenda zao."

"Hawakunyolewa?"

"Wanyolewe kwa nini? Msiba ulikuwa wa mlango wetu."

"Hawakuacha kulima?"

"Aa, walime tu."

Oketcho aliomba chaki, ile nene ya kuwekea ng'ombe alama mgongoni, akaenda kwenye ubao wa lori, akaandika juu kabisa: BOVIDAE. Chini yake akachora milango, kama mtu anavyochora ukoo wake. Mlango wa kwanza: ng'ombe, nyati, pofu, tandala, pongo. Mlango mwingine: mbuzi na kondoo. Mlango mwingine kabisa, mbali, akaandika: choroa, palahala, korongo yule mwenye pembe, si ndege, na binamu zao wa majangwa ya kaskazini.

"Wenye sayansi nao wanajua milango," akasema. "Familia ni ukoo mzima. Ndani yake kuna milango iliyoachana zamani sana. Hata jina lake linaeleza. Oryx ni nyumba yake, beisa ni yeye mwenyewe. Hakuna jina la ng'ombe ndani yake. Homa imeingia mlango wa ng'ombe. Tumeiona kwa ng'ombe, na nyati nisingempitisha. Lakini mimi nimepasua choroa waliokufa huko kaskazini nikatazama mapafu, sijaikuta."

Bwana Ekirapa alisogea akausoma ule ubao kwa muda mrefu. Wachuuzi nao wakasogea na mbuzi wao, wakachungulia. Kidole chake kikatua kwenye neno moja.

"Pongo yuko mlango wa ng'ombe?"

"Yuko. Karibu na ng'ombe kuliko choroa alivyo."

"Ukoo wetu haumli pongo."

"Basi mababu walikuwa na adabu."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bwana Ekirapa akacheka. Kicheko kifupi, kama kikohozi, na kikaisha upesi kwa sababu bado alikuwa na swali, na lilikuwa swali zuri. Mnaofanya kazi hii liwekeni akilini. "Na kama njiani amelala zizi moja na ng'ombe? Ukilala nyumba ya msiba, mlango wako haukusaidii."

"Halali na ng'ombe," Lokiru akasema haraka. "Analala na mimi."

"Nitamsikiliza mwenyewe," akasema mkuu.

Oketcho akanitazama, na mimi nikamtazama Lokiru. Pembe zile, hata zimevikwa mpira, zingeweza kumvunja mtu mbavu. Lokiru akaingia nusu mwili kwenye kasha, akashika pembe karibu na kichwa, akaanza kuimba. Mimi nikafungua ubao wa ubavuni nikaweka kitambaa nyuma ya bega. Bwana Ekirapa akavua kofia yake ya kazi, akapiga goti juu ya lori, akalaza sikio. Choroa alitetemeka ngozi nzima, kisha akasimama. Tulimtazama uso yule mzee. Alifumba macho. Akahamia upande wa pili, akafumba tena. Sijui alikaa hapo muda gani. Najua kwamba alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Safi," akasema. "Mapafu kama ya mtoto. Choroa ametoa pole, sasa aende zake. Fungueni geti!"

Shangwe! Mbuzi wakapita kwanza, kwa sababu hakuna mtu angeweza kuwazuia, beberu wa yule mama akiwa mbele kama mheshimiwa. Shangazi yangu akanijua ghafla, akanikumbatia. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wakaruka juu ya shimo lisilo na kazi tena, na lori likapita taratibu chini ya mti wetu, Lokiru amesimama juu ya kasha, blanketi linapepea, anaimba kwa sauti yote aliyopewa na Mungu.

Likaenda hatua chache tu, likasimama. Mngesahau kwamba mpaka una mageti mawili? Sisi tulisahau. Upande wa Kenya alikuwepo kijana mkaguzi, suruali imenyooshwa vizuri, anasoma karatasi akifuata kwa kidole.

"Lakini hapa pameandikwa Bovidae," tukamsikia akisema. "Si ndiyo familia ya ng'ombe?"

Nilianza kukimbia. Bwana Oketcho naye akavaa kofia. Lakini Bwana Ekirapa alitupita sote wawili, chaki mkononi, anakimbia kwa miguu yake ya uzee na mabuti. Akamshika yule kijana mkono akampeleka kwenye ubao wa lori.

"Mwanangu, soma hapa. Huu ni mlango wa ng'ombe. Huu wa mbuzi. Huyu ni wa huku, mbali, waliachana zamani. Kwenu mkifiwa, nani ananyolewa?"

"Mzee, una hakika?"

"Mimi nilikuwa nimpige risasi leo mchana," Bwana Ekirapa akasema. Soko lote lilimsikia. "Shimo liko pale, nenda uone. Bunduki nimeisafisha mwenyewe. Sasa nimekuja kwa miguu yangu kukuomba umpitishe. Unataka hakika gani nyingine?"

Kijana aliutazama ubao, akalitazama shimo kwa mbali, akamtazama yule mzee anayehema. Akanyanyua geti.

Miezi mingi baadaye, msimu wa mvua, karantini ikiwa imeshaondolewa, dereva mmoja alipita kituoni na salamu kutoka kwa Lokiru. Alisema dume wetu amewapenda majike wa kule, na ndama wa kwanza amezaliwa, dume pia, mzima, amesimama siku hiyohiyo. Wenye zizi walimwachia Lokiru ampe jina, na Lokiru hakufikiri mara mbili. Amemwita Ekirapa.

Mkuu wangu alikuwa akinoa penseli. Akaiweka chini. Alimwomba dereva arudie, dereva akarudia. Basi akavaa kofia, akatoka, akaliacha geti bila mlinzi, kosa ambalo mimi angenifukuza kwalo, akaenda moja kwa moja kwenye soko la upande wetu. Nilimfuata nikidhani anaumwa. Nilimkuta katikati ya wachuuzi wa mbuzi, amemshika yule mama mkono, anapaza sauti ili hata wa upande wa pili wasikie:

"Nimepata wajina Kenya! Ana pembe!"